Hakuna Anayejitwika Gunia

Mwaka 1952, masika yakiwa yameanza, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba na mjane wa miezi minne, nilifika kwa mara ya kwanza kuomba kazi katika ghala la mpunga la Bwana Hemedi, hapa Ifakara. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Machi. Siku ile sikuiandika tarehe hiyo kwa sababu sikujua kuandika. Niliikariri, na nilipojifunza kuandika, ndiyo tarehe ya kwanza niliyoiweka kwenye karatasi. Nawaeleza haya ninyi vijana wa ghala, mlioniaga mwezi uliopita kwa maneno mazuri na kiti cha kuegemea, kwa sababu katika hotuba zenu mlisema kwamba nilianza kazi tarehe 1 Julai 1957. Kwa mujibu wa daftari hamkukosea. Lakini kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka mitano na miezi mitatu na nusu ambayo nilifanya kazi pasipo kuwa mfanyakazi, na karibu kila nilichowafundisha nilikipata humo.

Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa na umri wa miaka minne, baada ya homa ya wiki moja, na tangu hapo nimetembea kwa gongo la kwapani. Ninyi mmenizoea, hodi yangu ni mlio wa gongo, na najua kwamba mlipousikia mlificha karata. Marehemu mume wangu, Benedikto, alikuwa mchukuzi katika ghala hilo. Alifariki Novemba 1951, kwa homa ya siku tatu, akaniacha na binti yetu Yustina. Nilitoka kwetu Kibaoni nikiwa na sababu moja tu kichwani: niliyemtegemea alikuwa na kazi pale, basi nami nitaomba kazi pale.

Mlangoni nilimkuta mlinzi mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mstari ni ule, pale ukutani."

"Nimekuja kuomba kazi."

"Ndiyo, ndiyo. Ule pale ukutani."

Sikujua kwamba kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Bwana Hemedi aliwagawia mchele vipofu, viwete na wazee wasio na watu. Alikuwa mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani, mtu wa kanzu safi na moyo safi zaidi. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani naandika kumlaumu. Alifika kwangu akiwa na kibaba mkononi.

"Pole sana, mama. Mumeo alikuwa mtu wangu."

"Asante, Bwana. Nimekuja kuomba kazi."

"Mwenyezi Mungu akuhurumie," alisema, akanimiminia kibaba cha pili.

"Nina mikono mizuri, Bwana. Naomba kazi."

Machozi yalimlengalenga, akamimina cha tatu. Kila niliporudia neno kazi aliongeza mchele, mpaka mama kipofu aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Dada, acha kuomba kazi, utatumalizia."

Nilisogea pembeni nikiwa na mchele mwingi na hasira nyingi. Hapo ndipo nilipomwona Mzee Lihame. Naye alikuwa ametoka kwenye mstari huo huo. Aliweka mchele wake chini, akaketi kando ya lundo la magunia yaliyochanika, akabana gunia moja kwa vidole vya miguu na kuanza kulishona kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto uliishia kwenye kiwiko. Alikuwa mvuvi, na mamba wa Kilombero aliuchukua uliobaki.

"Mzee, wewe umeajiriwa hapa?"

"Mimi? Mimi ni maskini wa Ijumaa, kama wewe. Nashona kwa sababu mikono yangu haiwezi kukaa bure." Alitazama kiwiko chake. "Samahani. Mkono."

Niliketi, nikamshikia gunia ili vidole vyake vipumzike. Jioni tulikuwa tumeshona magunia tisa, na hakuna aliyetuagiza. Kesho yake nilirudi, na keshokutwa, mpaka ikawa kila siku.

Kwa kuwa wengine wenu mmeanza kushona baada ya mimi kuondoka, naomba niandike hapa alichonifundisha mzee yule, kwa maana sijakiona kimeandikwa popote. Shazia, ile sindano ndefu ya magunia, isiwe na kutu hata kidogo; isuguliwe kwa majivu kila asubuhi. Uzi wa katani upitishwe kwenye nta ya nyuki mara mbili, la sivyo panya huanza kuula kabla hujamaliza kufunga fundo. Gunia ligeuzwe ndani nje, likung'utwe, kisha litazamwe kwenye mwanga. Na tundu lisishonwe kama lilivyo. "Usishone kidonda," alikuwa akisema. "Kata mpaka ufike kwenye nyama hai, ndipo ushone." Alimaanisha kwamba nyuzi zilizooza pembeni mwa tundu zikatwe kwanza. Vijana wenye haraka huona kwamba hilo linaongeza ukubwa wa tundu. Ni kweli linaongeza. Lakini huondoa tundu la wiki ijayo.

Fundo alilotumia lilikuwa la wavu wa samaki, linalozidi kukaza kadiri linavyovutwa. Mimi niliongeza jambo moja tu, nalo ni masikio. Zamani kona za juu za gunia zilikunjwa zikafungwa ili mchukuzi apate pa kushika. Mimi nilianza kufunga kona zote nne, nikitia ndani ngumi ya pumba ili sikio lijae kiganja na lisiteleze mkono ukiwa na jasho. Sikuliwaza hilo kwa akili nyingi. Benedikto alikuwa akirudi nyumbani kucha zimevunjika, na mimi ndiye niliyezikata.

Wachukuzi waliyapenda masikio hayo tangu msimu wa kwanza. Walianza kuuliza, "Hili ni la shemeji?" kabla ya kushika gunia, na likiwa si langu walinuna. Waliniita shemeji kwa heshima ya marehemu. Kiongozi wao, Mnyapara Nyoni, alikuwa Mngoni, na kwa kuwa mimi ni Mpogoro tulikuwa watani, hivyo aliniita majina mengine ambayo sitayaandika, nami nilimjibu kwa mengine ambayo sitayaandika pia.

Jambo moja lilinisumbua, ingawa kwa muda mrefu sikuweza kulitaja. Nyoni alikuwa mkali. Mchukuzi aliyefika jua limeshapanda alikaripiwa mbele ya wote. Marehemu mume wangu alikaripiwa mara nyingi, maana alipenda usingizi. Mimi nikichelewa, hata saa mbili nzima, Nyoni alisema, "Pole, shemeji, pole na njia." Wakati mmoja, katika masika ya 1954, nilikaa nyumbani siku nne kwa sababu maji yalijaa mpaka mlangoni. Niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Walinipa pole. Nilienda kuketi kwenye lundo langu, nikashangaa kwa nini pole hiyo imeniuma kuliko karipio.

Januari 1955, nikikaribia miaka thelathini, niliingia shule. Ilikuwa darasa la alasiri kwa watu wazima, hapo Kibaoni, chini ya Mwalimu Kastori. Madawati yalikuwa ya watoto, na gongo langu halikupata pa kukaa ila katikati ya njia, ambapo lilimwangusha Mwalimu mara tatu katika wiki ya kwanza. Mara ya tatu alisema akiwa bado chini, "Mama Yustina, wewe nitakufundisha haraka ili uondoke." Alitimiza ahadi. Nilijizoeza kwa maandishi yaliyopigwa kwenye magunia, na nilijua kusoma MPUNGA kabla ya kujua kusoma jina langu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Alhamisi, tarehe 7 Februari 1957, Bwana Hemedi alinituma nichukue mpira wa katani ofisini kwake. Juu ya meza Daftari la Kazi lilikuwa wazi. Nilisoma kwa kidole, polepole, majina ya wachukuzi, la mlinzi, la karani. Nilifunua kurasa nyuma, jambo ambalo sikuruhusiwa, nikamkuta Benedikto. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni pameandikwa: amefariki. Nilifurahi kwamba mstari ulinyooka. Mkono uliomkata haukuwa na haraka.

Kisha nililitafuta jina langu. Nilianzia Machi 1952, nikaja mpaka ukurasa wa mwisho. Halikuwamo. Nilipoinua macho nililiona. Ukutani palining'inia karatasi yenye kichwa WASIOJIWEZA, WA IJUMAA. Wa pili alikuwa Lihame, mkono mmoja. Wa tatu: Apolonia, kiwete, mjane.

Nimeulizwa mara nyingi kama nililia. Hapana. Nilisahihisha. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa "r" mahali pa "l", nami nilikuwa nimetoka shuleni juzi tu; nilichukua penseli nikaweka herufi iliyostahili. Kisha nikachukua katani nikarudi kazini. Ila nilikwisha kujua ninachokitaka: jina langu litoke kwenye karatasi ile na liingie kwenye daftari alimokuwa Benedikto. Binti yangu alikuwa anaanza kusoma, na sikutaka siku moja aje ofisini pale asome kwa kidole, kama mimi, kwamba mama yake hajiwezi.

Kesho yake, Ijumaa, sikusimama kwenye mstari. Niliendelea kushona. Bwana Hemedi alikuja mwenyewe na kibaba.

"Mama Yustina, unaumwa?"

"Siumwi, Bwana. Nipo kazini."

"Kazini?"

"Tangu mwaka hamsini na mbili."

Aliangalia lundo la magunia kama mtu anayeona mlima nyuma ya nyumba yake kwa mara ya kwanza. "Lakini hii ni hisani yako tu, mama. Unajishughulisha. Mimi siwezi kumfanyisha kazi mjane kiwete. Watu watasema nini? Kwamba Hemedi amekosa watu wenye miguu miwili?"

"Nishonapo, Bwana, mguu unabaki chini."

Hakucheka. Alikuwa na huzuni ya kweli, na hapo ndipo penye ugumu, vijana wangu. Mtu akikunyima kwa ubaya unajua pa kuanzia. Akikunyima kwa huruma, unakosa hata pa kushika. Gunia halina masikio.

Basi ikaanza vita ambayo wachukuzi walicheka mpaka mvua zikaisha. Nilipokataa mchele ghalani, aliupeleka nyumbani kwangu. Nikaurudisha. Akaupeleka tena katika gunia dogo bovu, labda akidhani ninaona aibu ya kibaba. Nikalishona gunia lile, nikalitia masikio manne, nikalirudisha na mchele wake ndani. Wiki iliyofuata akaleta katika gunia bovu zaidi. Nikalishona pia. Nyoni aliapa kwamba Bwana Hemedi ameanza kuchagua magunia mabovu makusudi, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa ya haraka kuliko kuyapanga kwenye lundo. Mzee Lihame, ambaye aliendelea kupokea mchele wake bila wasiwasi, aliniambia, "Mwanangu, wewe una kiburi."

"Ninacho, mzee."

"Kishone vizuri basi, kisije kikapasuka njiani."

Mwanzoni mwa Mei, ilipofika Idi, nilirudisha hata chakula cha sikukuu. Nilijua nimevuka mpaka. Alasiri ile Bwana Hemedi alikuja pamoja na Maalim wake, mzee mkimya aliyefundisha watoto Kurani, nao wakasimama mbele yangu. Niliwapa shikamoo. Nilitaka kuinuka, Maalim akanizuia kwa kiganja.

"Maalim," alisema Bwana Hemedi, "ndiye huyu. Miaka mitano namtendea wema, sasa anautupa wema wangu. Ananikosesha thawabu. Mwambie ni vibaya."

Maalim aliokota gunia miguuni pangu, akavuta fundo moja. Halikutoka. Akavuta jingine.

"Umeyashona wewe?"

"Mimi na Mzee Lihame."

"Yote haya?"

"Yote, Maalim."

"Na yasingeshonwa, Hemedi, mpunga wako ungekaa kwenye nini?"

Bwana Hemedi aligeuka akalitazama lundo.

"Sadaka ni cha kwako unachompa mwenzio," Maalim alisema bila kupaza sauti. "Huwezi kumpa mtu kilicho chake ukaita sadaka. Huyu mama hatupi thawabu yako. Anakuonyesha kwamba hukuwa nayo."

Nimemheshimu mzee yule mpaka leo, mimi Mkristo. Na nimemheshimu Bwana Hemedi zaidi, maana alivua kofia, akajifuta kipara, akasema, "Basi nitakuandika. Wewe na Lihame. Msimu ukifunguliwa, tarehe mosi Julai."

Nilidhani jambo limekwisha. Nilikuwa nimesahau uwanja.

Wale mliokuja baadaye hamkuukuta mtindo huo, kwa hiyo naueleza. Katika ghala lile hakuna aliyeandikwa kwenye Daftari la Kazi kabla ya kuvuka uwanja. Kuvuka uwanja ni kubeba gunia zima la mpunga kutoka jukwaa la malori mpaka mlango wa ghala, hatua arobaini, wachukuzi wote wakihesabu kwa sauti. Haikujalisha unaomba kazi gani. Karani alivuka, ingawa tangu siku hiyo hakubeba kitu kizito kuliko kalamu. Mlinzi alivuka. Bwana Hemedi mwenyewe, alipokuwa kijana, baba yake alimvusha. Benedikto alivuka akiimba.

Nyoni alimfuata Bwana Hemedi mbele yetu sote. "Bwana, daftari ni lako. Uwanja ni wetu. Akiandikwa mmoja bila kuvuka, kesho kila mvivu atakuja na sababu yake. Shemeji nampenda, lakini uwanja haujui shemeji."

"Nyoni, unataka afe?"

"Nataka avuke. Au abaki wa Ijumaa, tumpe pole zetu kama kawaida."

Naomba mtambue kwamba hakusema kwa chuki. Ule uwanja ndio ulikuwa cheti chake. Hakuwa na kingine. Na mimi, kwa kiburi kile kile, nilijibu kabla Bwana Hemedi hajafungua kinywa: "Nitakuja tarehe mosi."

Mzee Lihame alinitazama kama mtu anayemtazama mvuvi aliyeingia mtoni kwa miguu. "Mwanangu, una mguu mmoja tu mzuri. Huo nao unataka kuuvunja?"

Nilikuwa na majuma manane. Kubeba nisingeweza, hata kwa miujiza. Nilichoweza kufanya ni kutazama, na mshonaji hana kazi nyingine ya macho mkono ukishazoea. Juni mpunga wa kwanza ulianza kuingia, wa watu wa Mang'ula, halafu wa ng'ambo ya mto uliovushwa kivukoni. Nilikaa kwenye lundo langu nikawatazama wachukuzi kutwa nzima, siku baada ya siku, kama niliyetumwa kuwachunguza. Siku ya kumi na moja niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote.

Jumatatu, tarehe 1 Julai 1957, saa moja asubuhi, uwanja ulikuwa umejaa. Hata Mwalimu Kastori alikuja, akasimama mbali na gongo langu. Bwana Hemedi alitoka na Daftari la Kazi kifuani. Kwenye ukingo wa jukwaa lilisimamishwa gunia la mpunga, na niliona kwamba ni la masikio manne, nililolishona mwenyewe.

"Haya, shemeji," alisema Nyoni. "Gunia hilo."

"Nimeliona, mtani. Kabla sijaanza, nataka kuuliza swali moja kwenu wote mliovuka."

"Uliza."

"Gunia lilifikaje mgongoni mwenu?"

Walitazamana. Mmoja akacheka. "Tulitwishwa, shemeji. Si unaona kila siku? Wawili wanashika masikio, wanainua, wa tatu anaingiza mgongo."

"Mume wangu je?"

"Naye alitwishwa. Mimi nilishika upande mmoja," alisema Nyoni.

"Nawe ulitwishwa?"

"Kila mtu hutwishwa! Hakuna anayejitwika gunia la mpunga."

"Basi nimetazama majuma yote haya," nilisema, "nikitafuta katika ghala hili mtu mmoja anayejiweza. Sijamwona. Kila mchukuzi ana watu wawili nyuma yake. Mimi nina gongo hili na mzee huyu mwenye mkono mmoja. Tofauti yetu ni kwamba wenu hawaandikwi ukutani. Kama yupo hapa anayeweza kujitwika gunia lile peke yake, ajitokeze. Akiweza, narudi Kibaoni, na Ijumaa nitasimama kwenye mstari na kibaba changu."

Wachukuzi walianza kugeuka mmoja mmoja kumtazama Nyoni. Naye alikuwa mtu mwenye nguvu kupita wote bondeni, na jambo hilo alikuwa analifahamu.

"Mnyapara, mtani wako anakuita!"

"Mngoni gani anaogopa gunia?"

Nyoni alivua shati. Alilizunguka gunia, akachuchumaa, akalikumbatia, akalinyanyua hadi magotini. Watu wakashangilia. Akalipandisha hadi kifuani, mishipa ya shingo ikimtoka kama kamba. Kisha alifika pale ambapo gunia halikubali kukumbatiwa tena ila ligeuzwe mgongoni, na hapo panahitaji mikono minne. Aliliachia kwa mkono mmoja ili ajizungushe. Gunia likageuka kwanza. Wote wawili walishuka kutoka jukwaani, Nyoni akatangulia kuketi vumbini, gunia likamfuata mapajani, likatulia pale kama mtoto aliyebembelezwa.

Sikuwahi kusikia kicheko kama kile Ifakara. Mlinzi mzee alishika ukuta. Mwalimu Kastori alicheka kuliko wote, kwa sababu ninazozifahamu.

Nyoni hakucheka. Aliketi, akalipapasa gunia pande zote, akageuza kona moja, akavuta sikio.

"Halikupasuka," alisema.

"Halipasuki," alisema Mzee Lihame.

"Limeanguka kutoka jukwaani, nami nikiwa chini yake, na halikutoa hata punje moja." Ndipo alipoanza kucheka, kicheko kikubwa kilichotikisa gunia. "Jamani, njooni mniondolee! Mmeona? Hata kuvuliwa gunia nataka watu wawili!"

Walipokwisha kumwinua alimwendea Bwana Hemedi akijipangusa vumbi. "Uwanja ubaki, Bwana. Lakini kila mtu avuke na kazi yake. Mchukuzi na gunia, karani na kalamu yake, ingawa huyu wetu ameshateseka bure. Shemeji na mzee wavuke na shazia."

Bwana Hemedi aliuliza kama wote wamekubali, na wote wakasema ndiyo. Hivyo nilivuka. Nilikuwa na gongo kwapa la kushoto, shazia na mpira wa katani mkononi, na Mzee Lihame kando yangu akiwa na gunia tupu begani. Wachukuzi walihesabu kwa sauti, kama walivyomhesabia Benedikto. Hatua zangu ni fupi. Walifika sitini na nane, na hakuna aliyepunguza sauti.

Mlangoni Bwana Hemedi alifungua daftari, akachovya kalamu, kisha akaigeuza akanipa mimi. "Wewe umesoma. Andika."

Nilimwandika Lihame kwanza, kwa kuwa mwalimu hutangulia. Chini yake niliandika: Apolonia, mshonaji wa magunia, tarehe 1 Julai 1957. Nilichelewa kidogo kwenye herufi ya "l", nikaiweka ndefu. Bwana Hemedi aliingia ofisini akatoka na ile karatasi ya ukutani. Aliiweka mbele yangu. Nilikata jina la pili na la tatu, kila moja kwa mstari mmoja, nikijitahidi unyooke.

Watu walianza kutawanyika. Mimi nilibaki mlangoni nikilitazama lile jina, wino ukikauka, na ninakiri kwamba nililisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ghafla nilisikia sauti kutoka ndani ya ghala, kali, ile ile iliyomkaripia marehemu mume wangu asubuhi nyingi.

"Mshonaji! Wewe mshonaji! Jua limepanda, magunia yapo hapa yanakungoja, unafanya nini huko nje? Umechelewa!"

Nilimjibu Mnyapara kwamba nimesikia, nikaingia kazini.